Mkono Uliolala: Mazoezi ya Nyumbani Baada ya Kiharusi

Maandishi ya kipindi. Mazungumzo ya mtangazaji mmoja. Nzahaha, Wilaya ya Rusizi.

[Muziki wa kufungua. Unashuka polepole.]

Kama uko Nyarushishi karibu nasi hapa, kama uko Kiziba, Kigeme, Mugombwa, Nyabiheke au Mahama, karibu. Vuta mkeka, vuta kiti, au kalia bidoni kama ndicho kiti chako. Mimi ni mtangazaji wenu, nazungumza kutoka Nzahaha, mahali ambapo jioni isiyo na ukungu tunaiona milima ya Kongo ng'ambo, tukakumbuka nyumbani.

Leo tunazungumza juu ya mkono. Si mkono uliovunjika, bali ule unaolala baada ya mtu kupatwa na kiharusi. Upo mwilini, lakini mwenyewe akiuita hauitiki. Katika kambi zetu watu hawa wapo. Wengi wako ndani ya nyumba, hawatoki, kwa hiyo hatuwaoni. Kama unaye mzazi wa namna hiyo nyumbani, naomba umsogezee redio.

Kwanza niseme wazi: mimi si daktari. Nimesoma sekondari basi. Nitakayosema nimeyapata kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule tunayemwita kine, aliyemfundisha koko wangu. Mengine nimeyasoma. Na mengine nimeyajua kwa sababu sisi wenyewe nyumbani tulikosea.

[Muziki mfupi.]

Koko wangu, mama mzaa mama, alikuwa mfanyabiashara wa sambaza. Mkono wake wa kuume ulikuwa mashine: kupima sambaza, kurudisha chenji, kumsalimu kila mteja. Asubuhi moja alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharagwe. Sinia likamwanguka. Nilidhani limemteleza. Nilipomwangalia, mdomo umeenda upande, maneno hayatoki sawa, na mkono wa kuume unaning'inia kama kamba.

Jirani mmoja akasema amerogwa. Mwingine akasema ni upepo mbaya, achanjwe. Tunamshukuru Mungu mama yangu alikataa, tukampeleka hospitalini. Alilazwa siku kadhaa, akarudi nyumbani na vidonge vya shinikizo la damu. Mguu ulianza kurudi, akawa anatembea kwa kushikilia ukuta. Mkono ukabaki pale pale.

Sasa sikilizeni makosa yetu, maana ninajua hayako nyumbani kwetu tu.

Kosa la kwanza: tukitaka kumwinua kitandani, tulimvuta kwa ule mkono uliolala. Baada ya wiki chache bega likaanza kumuuma, halali usiku.

Kosa la pili: mjomba wangu alipitisha kamba juu ya mti wa paa, ncha moja akaifunga kwenye mkono mgonjwa, nyingine akampa koko aishike kwa mkono mzima avute, ili ule mwingine upande juu. Tulimsifu sana mjomba kwa akili yake. Bega likazidi kuharibika.

Kosa la tatu ndilo kubwa, na lilitokana na upendo. Tulimfanyia kila kitu. Tulimlisha, tukamwogesha, tukamfunga kitenge, tukamchana nywele. Akijaribu kushika kikombe kikamwagika, tunakipokea haraka: "Koko, acha, utachoka." Miezi mitatu ikapita hivyo.

Siku kine alipomtembelea, alituuliza swali moja: "Tangu asubuhi, mkono huu umejaribu kufanya kitu mara ngapi?" Tukatazamana. Jibu lilikuwa sifuri.

[Muziki mfupi.]

Ndugu msikilizaji, ili uelewe kwa nini swali lile lilikuwa zito, lazima uelewe kiharusi ni nini.

Kiharusi kinatokea kwenye ubongo. Mshipa wa damu umezibwa, au umepasuka. Sehemu ya ubongo inakosa damu, inakufa. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoamrisha mkono na mguu wa kuume, na upande wa kuume unaamrisha wa kushoto. Kwa hiyo mkono wenyewe ni mzima. Nyama ipo, mfupa upo. Kinachokosekana ni amri kutoka kichwani.

Ndiyo maana kukanda kwa mafuta peke yake hakurudishi mkono. Kukanda taratibu kunampa mtu faraja, sikatazi. Lakini anayetakiwa kufanya kazi ni ubongo, nao unafanya kazi pale mgonjwa mwenyewe anapojaribu.

Mnajua njia zetu za milimani. Mvua kubwa ikibomoa njia, watu wanapita pembeni, kwenye majani. Siku ya kwanza ni shida. Siku ya kumi majani yamelala. Baada ya miezi kuna njia mpya. Ubongo nao una sehemu zilizobaki nzima, zinazoweza kujifunza kazi ya ile iliyokufa. Lakini njia hiyo haifunguki kama hakuna anayepita. Kila mara mgonjwa anapojaribu kusogeza mkono, hata kama umesogea kidogo tu, mtu mmoja amepita njiani.

Tuingie sasa kwenye mazoezi. Kama una kalamu, andika.

La kwanza: linda bega. Misuli inayoshikilia bega imelegea, na mkono ni mzigo. Akiketi, mkono uwe juu ya kitu: mto, blanketi lililokunjwa, au meza. Usining'inie. Akilala, weka nguo iliyokunjwa chini ya bega na mkono. Ukimwinua, mshike mgongoni, nyuma ya bega, au kiunoni. Usimvute mkono, wala usipitishe mikono yako chini ya makwapa yake ukamnyanyua. Kamba ya juu ya paa ifunguliwe leo. Unaposogeza wewe mkono wake, usiupandishe kupita usawa wa bega kabla kine hajakuonyesha. Na kile kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni ni cha wakati wa kusimama na kutembea. Ukikivaa kutwa, mkono utakauka ukiwa umekunjika.

La pili: fungua kiganja kila siku. Vidole vya mtu wa kiharusi mara nyingi hujifunga ngumi. Usivikunjue kwa nguvu. Kwanza legeza kifundo cha mkono kwa kukiinamisha kidogo, kisha toa kidole gumba nje, halafu fungua vingine polepole. Osha kiganja kwa sabuni, kausha, kata kucha. Nimeona mtu ambaye kucha zake zilimchoma kiganja mpaka kikaoza.

La tatu: zoezi la taulo. Mketishe mbele ya meza, au ubao juu ya masanduku mawili. Miguu ikanyage chini. Tandika taulo au kipande cha kitenge. Weka mkono mgonjwa juu yake, na mkono mzima juu ya ule mgonjwa. Asukume taulo mbele kama anayefuta meza, arudishe. Asukume kulia, kushoto, azungushe. Kitambaa kinapunguza uzito, kwa hiyo hata mkono dhaifu unaweza kusogea. Mgongo usirushwe mbele kumsaidia. Siku mkono mgonjwa ukipata nguvu, mkono mzima utolewe.

La nne ndilo moyo wa kazi yote: vitu halisi, mara nyingi. Usimpe mgonjwa kufungua na kufunga ngumi hewani tu. Mpe kitu kinachomhusu. Kushika kikombe cha plastiki kitupu, kukiinua, kukiweka. Kuhamisha mahindi makavu kutoka bakuli hadi bakuli. Kufungua kifuniko cha bidoni. Kukunja nguo. Kushika sabuni. Koko wangu tulimpa maharagwe yale yale aliyokuwa anachambua siku ile. Mwanzoni alikuwa anayasukuma tu kwa upande wa kiganja. Hiyo nayo ni kazi.

Mara ngapi? Hapa nataka mnisikilize vizuri. Mwaka 2009 watafiti wa Amerika ya Kaskazini walitoa matokeo ya kuhesabu mazoezi ambayo wagonjwa wa kiharusi wanafanya kwenye vituo vya matibabu. Wakakuta kwa wastani mkono unarudia kazi za kweli mara 32 tu katika kikao kimoja. Mwaka uliofuata wengine wakajaribu mara 300 kwa kikao, na wagonjwa wakaweza. Kwa hiyo kama huko kwenye vifaa vyote wanapungukiwa hesabu, wewe uliye chini ya shitingi una kitu ambacho wao hawana cha kutosha: muda. Anza na mara 20 asubuhi, 20 mchana, 20 jioni. Apumzike akichoka. Wiki ijayo ongeza. Sisi tulihesabu kwa punje za mahindi: kila jaribio, punje moja kwenye kopo. Wajukuu waligombea kazi ya kuhesabu.

[Muziki mfupi.]

Unasikiliza kipindi chetu, leo tukizungumzia mkono baada ya kiharusi. Tukumbushane: linda bega, fungua kiganja, futa meza, rudia kazi halisi mara nyingi. Sasa twende kwenye njia mbili ambazo pengine hujawahi kuzisikia.

Njia ya kwanza ni kuufunga mkono mzima. Nilicheka nilipoisikia. Mtu ana mkono mmoja tu unaofanya kazi, na wewe unaufunga?

Lakini kuna maana. Mtafiti mmoja wa Marekani, Edward Taub, aliona jambo kwa nyani ambao mkono wao mmoja ulikuwa umekatwa mishipa ya kuhisi. Nyani alijaribu kuutumia, akashindwa, akajaribu tena, akashindwa, akauacha. Baadaye, hata mkono ulipokuwa na uwezo, nyani hakuutumia tena, kwa sababu alikuwa amejifunza kwamba haufai. Mkono mzima ulipofungwa, nyani akalazimika, akautumia ule mwingine. Taub akafikiri: labda binadamu wa kiharusi naye anajifunza kuacha.

Mwaka 2006 yakatolewa matokeo ya utafiti mkubwa huko Marekani, juu ya watu 222 waliokuwa wamepata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla. Nusu walivalishwa kifuko kwenye mkono mzima kwa wiki 2, karibu muda wote wanapokuwa macho, na wakawa wanafanyishwa mazoezi kwa saa nyingi kwa siku. Wengine waliendelea na huduma ya kawaida. Waliofungwa mkono mzima waliendelea vizuri kuliko wenzao, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baadaye.

Lakini angalieni masharti. Njia hii ni ya mtu ambaye kifundo cha mkono na vidole tayari vinaweza kufunguka hata kidogo. Kama mkono haufanyi lolote, ukimfunga ule mzima umemtesa bure. Asifungwe anapotembea kama anayumba, wala akiwa karibu na moto au maji ya moto. Zungumza kwanza na kine au mhudumu wa afya. Hata bila kufunga kwa saa nyingi, unaweza kuchukua somo: mvalishe soksi nene kwenye mkono mzima kwa nusu saa akiwa ameketi, na wewe uko pembeni, afanye kazi zake za kikombe na mahindi.

Njia ya pili ni ya yule ambaye mkono haujasogea hata kidogo. Hii ni ya kioo. Ilianza miaka ya 1990 kwa watu waliokatwa mkono au mguu ambao bado walisikia maumivu kwenye kiungo kisichokuwepo. Daktari Ramachandran, mzaliwa wa India anayefanya kazi Marekani, aliwawekea kioo. Baadaye ikajaribiwa kwa watu wa kiharusi, ikawasaidia.

Fanya hivi. Mgonjwa aketi mezani. Simamisha kioo katikati ya mikono yake miwili, uso wa kioo uelekee mkono mzima. Mkono mgonjwa ukae nyuma ya kioo, usionekane. Atazame ndani ya kioo, afungue na kufunga mkono mzima, aukunje, aunyooshe. Machoni pake ni kana kwamba mkono uliolala ndio unaosogea. Wakati huo huo ajaribu kusogeza ule uliofichwa, hata kama hauendi. Ubongo unapata picha ya amri iliyotekelezwa. Dakika 15 mpaka 30 kwa siku, na asichoke baada ya wiki moja. Kioo cha sokoni, upana wa kitabu kikubwa, kinatosha. Funika kingo zake kwa kitambaa zisimkate.

Na kama hata kioo hakuna, afumbe macho, ajione moyoni akinyoosha mkono, akishika kikombe, akinywa. Watafiti wamelipima hili pia, na linaongeza nguvu likifanywa pamoja na mazoezi ya kweli. Halichukui nafasi yake.

[Muziki mfupi.]

Tuzungumze hatari. Siku za kwanza kabisa mgonjwa akiwa hospitalini, msimlazimishe, fuateni madaktari. Akirudi nyumbani, anzeni mapema. Simamisha zoezi akipata kizunguzungu, maumivu ya kifua, kichwa kuuma ghafla, au bega likiuma kwa ukali. Mkono uliolala mara nyingi hausikii moto, kwa hiyo maji ya kuoga yapimwe kwa mkono mzima, na asiketi karibu na imbabura ule mkono ukiwa upande wa moto. Vidonge vya shinikizo la damu asiache kwa sababu anajisikia vizuri. Kiharusi cha pili kinachukua hata kile mlichokirudisha.

Na kama kesho umeona mtu, mdomo umeenda upande, mkono mmoja ukiinuliwa unashuka wenyewe, maneno yanachanganyika, usisubiri kukuche. Mwambie mhudumu wa afya wa jamii mara moja. Hapa Rwanda piga 912, uite gari la wagonjwa. Angalia ni saa ngapi dalili zilianza, maana daktari atakuuliza.

Sasa swali ambalo kila mtu ananiuliza: je, mkono utarudi wote?

Sitawadanganya. Kwa wengine unarudi karibu wote. Kwa wengine unarudi nusu. Kwa wengine unarudi kidogo sana. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo mkono unaporudi kwa kasi zaidi, ndiyo maana naumia nikikumbuka kwamba sisi miezi hiyo tuliila kwa kumlisha koko. Lakini watu wale 222 walianza baada ya miezi hiyo. Mlango unapungua upana, haufungwi.

Wengi wenu mnamkumbuka Remmy Ongala, mwana wa Kindu, aliyehamia Tanzania na kuwachezesha watu na bendi ya Super Matimila. Naye kiharusi kilimpata, kikampooza upande. Hakunyamaza. Aliendelea kuimba, nyimbo za injili, mpaka alipofariki Dar es Salaam Desemba 2010. Ninamtaja kwa sababu mtu aliyepooza bado ana kitu cha kutoa.

Na mkono ambao haurudi wote bado una kazi. Unaweza kushikilia bakuli wakati ule mwingine unaosha. Unaweza kukandamiza nguo wakati mwingine unakunja. Mpe kazi hiyo. Mkono wenye kazi haukauki upesi kama usio na kazi.

Nimalizie kwa koko. Alianza mazoezi mwezi wa nne. Leo mkono wake wa kuume unafuta meza, unashika kopo tupu, unasukuma maharagwe, na vidole viwili vinaokota. Kuandika hauwezi. Kupima sambaza hauwezi.

Lakini kuna jambo lililomuuma kuliko sambaza. Alikuwa hatoki nje kwa sababu ya salamu. Sisi kwetu, na hapa Rwanda pia, mtu mzima humpi mkono wa kushoto. Koko aliona aibu. Wageni wakija, anajifanya amelala. Tulidhani ni uchovu.

Siku moja alikuja mzee wa kijiji chetu cha zamani, aliyemtafuta muda mrefu. Koko alikuwa ameketi mlangoni, hakuwahi kukimbia. Akachukua mkono wake wa kuume kwa mkono wa kushoto, akaushika kwenye kigasha, akauinua mpaka kwa mzee. Vidole vikajikunja kidogo. Mzee akaupokea kwa mikono miwili.

Ninyi mnajua salamu ile. Ndivyo tunavyomsalimu mtu tunayemheshimu: mkono wa kuume mbele, wa kushoto ukiushika. Mzee hakujua kwamba mkono ule ni mgonjwa. Alidhani koko amempa heshima kubwa.

Tangu siku ile anatoka nje. Na hilo likawa zoezi lake la tano: kila apitaye, salamu. Kwa siku tumehesabu mpaka 40.

Kwa hiyo wewe uliye na mzazi ndani, usimfanyie kila kitu. Mpe kikombe kitupu, mpe maharagwe, ukae naye, uhesabu. Kikimwagika, panguseni, aanze tena.

Kama una swali, mpe mhudumu wa afya wa eneo lako, au uliandike uliweke kwenye sanduku la maswali ya kipindi, tutalijibu hewani. Mbaki salama, na Mungu atulinde mpaka tutakaporudi kwetu.

[Muziki wa kufunga. Mwisho wa kipindi.]